Sura ya Nne: Miguu ya Marehemu

"Meli haipandi mlima!"

"Inapanda, Damiano, nimepanda nayo mara kumi na—"

"Haipandi! Afande, andika hapo, meli haipandi—"

"—na tisa, kwenda na kurudi! Inapandishwa na maji. Wanafunga lango nyuma, wanafungulia maji kutoka juu—"

"Na ile ya treni je? Mwambie afande ile ya treni!"

"Treni zinaivuta, ndiyo. Vichwa vidogo, viwili huku, viwili huku, kwa nyaya—"

"Treni inavuta meli! Anatuambia sisi wa Kilosa! Sisi tuliozaliwa kando ya reli!"

Sajini Lupakisyo alikuwa anawasikia. Kituo kizima cha polisi kilikuwa kinawasikia, na mahabusu wawili kule nyuma walishagawana, mmoja anashangilia meli ipande, mwingine isipande. Sajini aliweka kalamu chini robo saa iliyopita, maana hakuna namna ya kuandika maelezo ya watu wawili wanaoongea kwa mdomo mmoja.

"Nyamazeni."

Hawakunyamaza. Akanyanyua faili la wizi wa pamba la mwaka sabini na mbili, akalibamiza mezani. Vumbi likapanda, wote watatu wakapiga chafya, na baada ya chafya kukawa kimya.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Yule mrefu aliyekaa kushoto, shati la turubai, ngozi imekauka kwa chumvi, alishuka kwenye treni ya Dar siku kumi na moja zilizopita na begi moja, akasema yeye ni Makarius Simoni wa Masanze, aliyeondoka miezi miwili kabla ya Uhuru kwenda kutafuta kazi bandarini. Yule wa kulia, Damiano Simoni, mdogo wake Makarius, alisema Makarius alishakufa, walipata habari kutoka bandarini mwaka sitini na tisa kwamba kapotelea baharini, wakamlilia, wakamaliza, na huyu hapa ni tapeli. Sasa ilikuwa Jumanne, Agosti ya mwaka sabini na tano, na Sajini alikuwa na faili lenye kurasa hamsini na tatu na hajui kama mtu aliye mbele yake ni mzima au marehemu.

Kitabu cha ubaharia cha mtu yule kilikuwa kimeandikwa Tanganyika kwenye jalada. Picha ililiwa na ukungu, likabaki sikio moja. Sajini alishalilinganisha hilo sikio na masikio ya mwenye kitabu, pande zote mbili, mchana kweupe mlangoni, na alichogundua ni kwamba lilikuwa sikio.

Afisa wa uhamiaji alishapiga simu kutoka Morogoro. "Hiyo Tanganyika haipo tena, Sajini. Ijumaa saa sita mchana nafika hapo. Nataka karatasi ya kumtambua, sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na dole gumba la mzazi aliye hai. Kama hakuna, huyo ni mgeni asiye na hati, naondoka naye."

"Unampeleka wapi?"

"Alikotoka."

"Anasema katoka Masanze."

"Ndiyo maana wewe unapeleleza," afisa akasema, akakata.

Sajini akachukua kalamu tena. "Damiano, funga mdomo. Wewe unayejiita Makarius, kwenye hiyo meli ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Baharia wa mtumbwi, afande. Hii ya mwisho ni meli ndogo, abiria arobaini tu. Haibebi mzigo. Inabeba wazee."

"Wazee wanakwenda wapi?"

"Msituni. Amerika ya Kati kule, pwani yote ni msitu. Asubuhi nawapakia kumi kumi kwenye mtumbwi wa mpira, tunaingia mtoni, miti imefunga juu kama paa, mvua haikatiki."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Vyura."

Kalamu ikasimama.

"Kuna chura mwekundu, afande, mdogo kama kucha. Ukimwonyesha mzee wa miaka themanini anakushika mkono kama umemzalia mtoto. Na kuna mnyama mmoja ananing'inia mtini, akitaka kugeuza shingo unaweza kwenda kula ukarudi, bado anageuza. Na hondohondo wa kule, mdomo kama amevishwa nguo za sikukuu."

"Wanakula hao vyura?"

"Hapana. Wanawaangalia, halafu tunarudi melini wanakunywa chai."

Sajini akaandika: vyura, chai. Akatazama dari. "Na mfereji?"

"Ukimaliza msitu wa upande huu unavuka kwenda upande wa pili. Mfereji wa Panama. Meli inaingia kwenye kisima cha saruji, lango linafungwa, maji yanaingia, unanyanyuka kama ndoo. Mara tatu. Juu kuna ziwa, waliziba mto, na miti ya msitu uliozama bado inachungulia. Halafu unashuka ngazi upande wa pili. Mara ya kwanza tulilala nje ya mji wa Panama. Alfajiri nikatoka, nikaona jua linachomoza baharini, kwenye Pasifiki."

Damiano akaruka. "Umeona! Afande, umeona! Pasifiki iko magharibi ya Amerika, mwalimu wetu alituchapa mpaka tukajua. Jua linachomoza magharibi? Mfunge!"

Sajini alisimama, akavaa kofia, akavuka barabara mpaka shule ya misheni, akawaacha wanatazamana. Mwalimu Hildegarda, mtunza stoo wa shule, mama mnene mwenye funguo ishirini kiunoni, alimpa atlasi baada ya kumfanya atie sahihi mahali pawili na kumuuliza kama mikono yake ni misafi. Alirudi nayo, akaifungua mezani, akaweka ncha ya kalamu.

Nchi pale Panama imejipinda kama mtu aliyelala vibaya. Mfereji hauendi mashariki kwenda magharibi. Unateremka kwa mshazari, na ukitokeza kwenye Pasifiki unakuwa umesogea mashariki kuliko ulikoingilia. Mji wenyewe una bahari kusini na mashariki yake.

"Jua linachomoza baharini," Sajini akasema. "Mtu ambaye hajafika angesema linazama, maana kila mtu aliyesoma darasa la sita anajua hivyo. Huyu kasema lisiloaminika, na ni kweli. Kafika."

Damiano alitazama ramani, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Sawa. Kafika Panama. Hata mbuzi atafika Panama akipakiwa. Lakini si kaka yangu. Kaka yangu alikuwa anachechemea."

"Mimi?" akauliza yule mrefu.

"Mguu wa kushoto. Aliuburuta hivi." Damiano akasimama, akaonyesha, kish, ta, kish, ta, mpaka dirishani. "Na kila hatua ya tatu anajipiga paja, anasema, 'Haya, mwili, twende.' Masanze nzima inajua."

"Sijawahi kusema hivyo maishani mwangu!"

"Mimi nasema Makarius alisema. Wewe nani kakuuliza?"

"Tembea," Sajini akamwamuru yule mrefu.

Akatembea. Miguu imeachana kidogo kama watu wa bahari, lakini imenyooka, yote miwili inafanya kazi sawa.

"Nina kovu tu," akasema, akavua kiatu, akaonyesha chini ya kisigino cha kushoto. "Mwiba wa mkonge. Mtani wangu alinitegea njiani, wiki ile ile niliyoondoka."

"Nani Kilosa hana kovu la mkonge?" Damiano akasema. "Afande, mama yetu mwenyewe kakataa. Macho yake yalizima, lakini masikio yapo. Huyu kaingia uani, mama kasikiliza hatua tatu, kasema, 'Miguu hii siijui.' Sasa unataka nini tena?"

Yule mrefu alikuwa anafunga kamba za kiatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

*

Landrova ya kituo ilikuwa haina petroli tangu Jumamosi, kwa hiyo Sajini alikwenda Masanze kwa baiskeli ya mpishi wa mahabusu, ambayo breki yake ilikuwa ni kisigino.

Nyumba za kijiji zilishapangwa mstari mmoja kando ya barabara, tangu operesheni ya vijiji ya mwaka jana. Alianza mwanzo wa mstari na kusogea. Kufika saa tisa alikuwa na mashahidi tisa, na daftarini maneno yale yale. Kushoto, anaburuta, paja, haya mwili twende. Kushoto, anaburuta, paja, haya mwili twende. Mara tisa. Katika miaka kumi na sita ya upolisi hajawahi kupata watu watatu wakakubaliana juu ya rangi ya basi lililowagonga, na hapa watu tisa walikuwa wanakumbuka mtu mmoja kama wamekaririshwa.

Wamekaririshwa. Vizuri. Na nani, ili wapate nini?

Akamwendea mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Paulo, akamkuta ghalani anahesabu magunia ya mbegu.

"Mwenyekiti, Makarius aliacha shamba?"

"Aliacha. Sasa ni la kijiji."

"Nyumba?"

"Tuliibomoa kwenye operesheni. Nguzo zake ndizo hizi." Akagonga nguzo ya ghala.

"Mke? Ng'ombe? Cherehani?"

"Hakuwa na hata kuku, afande. Kijana tu."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Nani agombane na Makarius? Tulimpenda sana. Alivyokuwa anachechemea yule!" Mwenyekiti akaanza kucheka mwenyewe, akafuta macho. "Haya, mwili, twende."

"Kwa hiyo huyu akiwa si Makarius, nyinyi mnafaidika nini?"

"Hatufaidiki kitu. Tunasikitika tu."

Sajini alikaa juu ya gunia. Hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna mke. Mtu hawezi kusema uongo bure mara tisa. Basi hawasemi uongo. Na kama hawasemi uongo, yule mrefu ni mwongo, na yule mrefu naye si mwongo, ameona jua linachomoza Pasifiki.

Nyumba ya mwisho kulikuwa na mama mmoja anapukuchua mahindi, kanga imefungwa kifuani, mikono haisimami. Alijitambulisha anaitwa Sikuzani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unamfahamu Makarius Simoni?"

"Jamani! Namfahamu vizuri sana. Mguu wa kushoto anauburuta, halafu anajipiga—"

"Paja. Najua. Wewe ni mzaliwa wa hapa?"

"Hapana, mimi wa Dumila. Niliolewa hapa mwaka sitini na tisa, mwezi wa saba."

Sajini akaandika. Akasoma alichoandika. Akamtazama. "Makarius kaondoka sitini na moja."

"Ndiyo, wanasema."

"Sasa wewe ulimwona wapi?"

"Msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wake."

Mbwa alipita katikati yao, akajikuna, akaendelea na safari.

"Mama Sikuzani," Sajini akasema polepole, kama mtu anayevuka daraja bovu, "ulimwona marehemu kwenye msiba wa marehemu?"

"Ndiyo, afande. Alituchekesha sana siku ile."

Sajini alifunga daftari. Akalifungua. Kwao Rungwe watu hucheza ngoma msibani mpaka vumbi lifunike jeneza, lakini hajawahi kusikia marehemu akishiriki. "Huyo aliyewachekesha alikuwa nani?"

"Si Kasian? Mtani wao! Alivaa koti la marehemu, akaingia uwanjani anatembea kama yeye. Mtani ndiyo kazi yake, anamleta marehemu, watu wasife kwa kilio. Mama Bibiana mwenyewe, mama wa marehemu, alikuwa amekataa kula siku ya tatu, akacheka, akaomba uji. Arobaini Kasian akaja tena. Na kila mwaka wakimkumbuka Makarius anaitwa. Mara ya mwisho macho ya mama yalishazima, akawa anasikiliza tu miguu, anacheka."

"Kasian yuko wapi sasa?"

"Mikumi. Anapika kwenye hoteli yake kando ya barabara ya Zambia." Akatupa gunzi. "Afande, mbona umekuwa hivyo? Nikuletee maji?"

*

Treni ya Mikumi Jumatano ilisimama mara moja kwa sababu ya tembo. Walikuwa sita, wamesimama juu ya reli kama wanasubiri tiketi. Dereva alipiga honi, wakamtazama. Sajini alitoa kichwa dirishani, akawaonyesha kitambulisho cha polisi, na baada ya saa moja na nusu wakaondoka, kwa sababu zao wenyewe.

Hoteli ya Kasian ilikuwa mabenchi matatu na moshi. Mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, upawa mkononi, aproni iliyoandikwa jina la kampuni ya unga.

"Karibu, Mnyakyusa! Ndizi hatuna, usilie!"

"Mimi si mtani wako. Umejuaje mimi Mnyakyusa?"

"Umeitazama supu yangu kama imekutukana. Kaa."

"Kasian, mimi ni Sajini Lupakisyo wa Kilosa. Nataka utembee kama Makarius Simoni, nikuone."

Kasian hakuuliza kwa nini. Aliweka upawa, akajifuta mikono, akatoka nje kwenye changarawe. Mara shingo ikarefuka, bega likashuka, mguu wa kushoto ukafa. Kish, ta, kish, ta, kish, paja, "Haya, mwili, twende." Mfupi mnene akapotea kabisa, pakabaki kijana mrefu anayechechemea. Madereva wawili wa malori ambao hawajawahi kumsikia Makarius waliangua kicheko mpaka supu ikawatoka puani.

"Sasa," Sajini akasema, hakucheka, "tembea alivyokuwa anatembea kweli."

Kasian akasimama katikati ya hatua. Akafikiri. Akajikuna.

"Kawaida tu," akasema. "Ndiyo ilikuwa shida yake, afande. Mtu anatembea kawaida, utamwigiza nini?"

"Kuchechemea kulitoka wapi?"

"Wiki aliyoondoka alichechemea. Nilimtegea mwiba wa mkonge njiani, tukitoka mazoezi ya mpira, si mtani wangu? Akaukanyaga na kisigino. Siku tatu anaburuta mguu, siku ya nne kapanda treni. Nilipoambiwa kafa nikatafuta, nimchukulie nini? Nikachukua mwiba."

"Kisigino gani?"

"Kushoto, chini kabisa. Kwa nini?"

"Na kujipiga paja?"

"Hilo langu. Niliongeza arobaini, msibani halikuwepo."

"'Haya, mwili, twende'?"

"Langu pia," Kasian akasema kwa aibu ya mtu anayesifiwa. "Hilo lilikuja lenyewe tu, watu wakalipenda, nikaliacha."

"Umetengeneza mtu mwingine, Kasian! Umempa mguu, umempa paja, umempa maneno! Watu tisa wameniapia!"

"Nimewasaidia wamkumbuke. Wangemsahau, afande. Kijana wa kawaida, kaondoka, hakuandika barua. Nani angemkumbuka?"

"Amerudi."

Kasian aliangalia barabarani, kana kwamba anamtafuta.

"Yuko hai. Amekaa kituoni kwangu. Anasema meli inapanda mlima. Mama yake kasikiliza miguu yake, kasema haijui, na keshokutwa saa sita wanamchukua kumpeleka nchi ambayo hata wao hawajui ni ipi."

Kasian akavua aproni, akaiweka juu ya sufuria inayochemka, akaisahau pale.

"Ana hasira na mimi?" akauliza.

*

Alhamisi mchana ofisi ya Sajini ilijaa. Damiano na mwenyekiti Paulo walikuja kwa miguu. Mama Bibiana aliletwa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mkokoteni wa kijiji, akawekwa barazani, fimbo magotini. Mwalimu Hildegarda alikuja mwenyewe, bila kuitwa, kulinda picha yake.

Ilikuwa picha ya timu ya shule ya misheni, mwaka hamsini na tisa, imetolewa stoo nyuma ya madumu ya chokaa. Sajini aliiweka mbele ya Damiano.

"Golikipa ni nani?"

Damiano akainama. "Mimi! Tazama nilivyokuwa na nywele!"

"Huyu mwisho, aliyekamata mpira?"

"Kaka yangu."

"Soma kilichoandikwa chini yake."

"Makarius Simoni, winga wa..." Akaisogeza picha karibu na macho. "Winga wa kushoto."

"Magoli manne dhidi ya wale wa Kimamba," Mwalimu Hildegarda akasema. "Nilikuwepo. Alikimbia kama amekopa miguu."

"Damiano, winga wa kushoto aliyekuwa anaburuta mguu wa kushoto?"

Damiano aligusa picha kwa kidole, na Mwalimu Hildegarda akakiondoa kile kidole. "Lakini afande, nikifumba macho namwona. Namwona kabisa anachechemea."

"Fumbua. Kasian, ingia."

Kish, ta, kish, ta. Kasian aliingia na kutembea toka mlangoni mpaka kwenye kabati la silaha, akajipiga paja. Damiano akacheka kama alivyozoea. Akacheka hatua ya pili. Hatua ya tatu kicheko kikamgeukia, akamtazama yule mfupi mnene, akamtazama yule mrefu ukutani, ambaye kwa siku kumi na tatu alikuwa anamwita tapeli. Akainuka, akamwendea, akamkamata masikio yote mawili, kama watoto wanavyokamatana.

"Mkonge," akasema. "Ulilia, ukaniambia nisimwambie mama."

"Nilikuambia," Makarius akajibu.

Mwenyekiti Paulo alitia sahihi na kupiga muhuri wa kijiji mara mbili, maana wa kwanza ulikosa wino. Sajini alishusha pumzi. Akachukua karatasi na kidau cha wino, akatoka barazani.

Mama Bibiana alikuwa amesimama. Amesimama peke yake, mkono umeshika nguzo, uso umeng'aa.

"Makarius," alisema. "Nimemsikia. Amepita ndani."

Kasian akatoka mbio. "Mama, shikamoo. Ni mimi. Ni Kasian."

"Kelele, Kasian, mwanangu anapita."

Sajini alipiga magoti mbele yake, yeye na kofia yake, akaeleza yote. Msiba, koti, arobaini. Mwiba. Picha ya mpira. Jua la Pasifiki akaliruka. Makarius akaja, akashika mkono wa mama yake, akasema, "Mama, ni mimi." Yule mama aliuacha mkono wake ushikwe, kwa adabu, kama unavyomwachia mgeni.

"Sajini mwanangu, nimekuelewa," akasema mwishowe. "Umefanya kazi. Lakini hayo ya picha ni ya wenye macho. Mimi miaka yote hii mwanangu anakuja mara moja kwa mwaka, namsikia, nakula. Miguu ya huyu kijana mzuri siijui. Nikitia kidole hapo, nitakuwa nimemfukuza yule mwingine."

"Mama, yule mwingine ni Kasian!"

"Najua ni Kasian," mama akasema. "Mimi si mjinga."

Akakaa, akafumba mkono, dole gumba ndani ya ngumi.

Sajini aliondoka barazani. Alizunguka kituo mara moja, akapiga teke dumu la maji, kumbe limejaa, akazunguka tena anachechemea mwenyewe. Watu kumi na mbili, siku tatu, baiskeli isiyo na breki, tembo sita, atlasi. Ushahidi wote umesimama wima, na bibi mmoja amekunja ngumi. Simu ililia ndani. Alijua ni Morogoro, akaiacha ilie.

Nyuma ya kituo, pale mahabusu wanapoanika nguo, alimkuta Kasian amekaa juu ya tofali, ameinamisha kichwa, na Makarius amesimama mbele yake. Sajini akasogea haraka, akidhani mrefu amekuja kumpiga mfupi, na kwa kweli asingemlaumu.

Makarius alikuwa amevua viatu. Aliviweka pembeni, kimoja kando ya kingine, akakanyaga udongo mtupu kwa mguu wa kushoto, akaujaribu, kama mtu anayepima ngalawa.

"Kasian," alisema, "tuna muda mpaka kesho saa sita. Nifundishe ninavyotembea."